Rehema Inayovimbisha Tumbo



Kisa cha mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka tunakijua tangu madrasa. Alimfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini, mpaka akafa. Tukikisimulia huwa tunakazia njaa. Mimi naona dhulma ilianza mlangoni. Paka huru akikosa huku huenda kule. Aliyemfungia ameubeba uamuzi wa paka huyo mzima, wa kupunjwa na wa kuzidishiwa pia.

Nayasema haya kwa sababu ya samaki mdogo, beta, anayefugwa katika chumba kimoja cha hosteli yetu hapa Uganda. Asili ya samaki huyu ni Tailandi, kwenye maji yaliyotulia ya vinamasi na mashamba ya mpunga, anakokula wadudu na mabuu ya mbu. Huko kuna siku hupata na siku hukosa. Ndani ya bakuli la kioo, kila akiona mtu huja mbio akitikisa mapezi. "Maskini, ana njaa," nao humtupia punje. Kumbe amejifunza tu kwamba mtu akija, chakula kinakuja. Chumba kina vijana wanne, kila mmoja na huruma yake, basi samaki mmoja anakula milo ya wanne.

Tumbo likavimba, kuogelea kukawa taabu. Punje zilizobaki zikaoza chini, na uozo huo hutoa amonia inayounguza matamvua. Dawa yake ya kwanza haigharimu hata shilingi: asilishwe siku mbili au tatu, robo ya maji ibadilishwe, na maji yawe vuguvugu, kama nyuzi 26, maana samaki hana joto lake mwenyewe na maji yakipoa tumbo husaga polepole. Kisha arudi kwenye punje mbili tatu tu. (Magamba yakisimama na kuachana, hapo si shibe tena, ni maradhi mengine.)

Mmoja wao akakataa. "Tukimnyima tutakuwa kama yule mwanamke." Si hoja ya kuchekwa, ni hofu ya mcha Mungu. Lakini yule mwanamke alimwacha paka bila kumjali, na hawa wangemnyima samaki huku wakimwangalia asubuhi na jioni. Akasema pia kwamba amali ni kwa nia. Ni kweli, nia humpima mtendaji. Tumbo la samaki haliijui. Na mtu akishaelezwa madhara, kisha akaendelea kutupa punje kwa sababu anapenda kumwona akija mbio, hapo anaulisha moyo wake.

Sheikh al-Izz ibn Abdissalaam, aliyefariki mwaka 1262, katika Qawaid al-Ahkam alizitaja haki za mnyama juu ya mwenye kumfuga, ikiwemo kumtunza hata akizeeka au kuugua asiwe na faida tena. Aliziita haki. Na haki hukatwa kwa kipimo cha mwenye kuidai, sio kwa raha ya mwenye kuitoa.

Swali gumu zaidi ni bakuli lenyewe. Beta huvuta pia hewa ya juu ya maji, ndiyo maana wauzaji husema hata glasi inamtosha. Mtoto Abu Umayr alikuwa na kindege chake na Mtume (s.a.w.) hakumkataza, kwa hiyo kufuga hakuna ubishi. Ila kutokufa ndani ya glasi si sawa na kutosheka nayo, na hili wale vijana wanne bado hawajaulizana.