Mpaka na Haki ya Jirani

Katika maswali ambayo yatupasa kuyafikiri kwa utulivu ni hili: Je, mpaka wa dola waweza kuondoa haki ya jirani? Tumewasikia watu wa mji wetu wakigawanyika makundi mawili. Wa kwanza wasema kwamba aliye ng'ambo ya mpaka ni mgeni, na mgeni hatudai kitu. Wa pili wasema kwamba mpaka ni kazi ya Wazungu, kwa hivyo haumfungi mtu. Sisi twaona kwamba makundi yote mawili yamekosea, na twataka kueleza kwa nini.

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Avukaye Likoni akashika njia ya kusini, akapita Ukunda na Msambweni mpaka Lunga Lunga, kisha akateremkia baharini, atafika Vanga, kijiji cha mwisho cha pwani ya Kenya kabla ya rasi ya Jimbo. Mbele yake ni Jasini, nayo ni nchi ya Tanzania. Wadigo wako pande zote mbili, na Wasegeju kadhalika. Mto Umba wachimbuka katika milima ya Usambara, Tanzania, nao waingia baharini karibu na Vanga, Kenya, wala hauulizwi cheti. Mtu wa huko aweza kuwa na shangazi katika dola moja na shamba la minazi katika dola nyingine.

Mstari huu ulitoka wapi? Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walikubaliana huko Ulaya kugawana bara letu. Waliuanza mstari penye mlango wa mto Umba, wakaupeleka mpaka ziwa Jipe, wakauzungusha kaskazini ya Kilimanjaro, wakaufikisha ziwa Victoria. Sayyid Barghash aliletewa maafikiano yaliyokwisha andikwa, akayakubali mwezi wa Desemba mwaka ule ule, akabakishiwa ukanda wa pwani wa maili 10. Mwaka 1890 Wajerumani waliinunua sehemu yao ya ukanda huo kwa marki milioni 4. Katika habari zote hizi, mtu wa Vanga hakuulizwa neno. Lakini Januari 1915, Waingereza na Wajerumani walipopigana Jasini, vita vilikuwa mlangoni pake. Na Februari 1977, Tanzania ilipoufunga mpaka kwa ugomvi wa wakubwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, njia ya kwenda kuzika ilifungwa pamoja na njia ya biashara, mpaka Novemba 1983.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Mwaka 1947 Mwingereza Cyril Radcliffe, ambaye hakuwahi kukaa Bara Hindi kabla ya hapo, alipewa majuma machache kuigawa Bengali na Punjabi. Huko Bengali vilibaki vijiji 162 vya nchi moja vilivyozungukwa na ardhi ya nchi nyingine, na watu wake waliishi bila shule wala tabibu wa serikali yao mpaka nchi hizo zilipobadilishana vijiji hivyo mwaka 2015. Miaka 68 ni umri wa mtu mzima.

Sasa twawajibu wale wa kwanza. Haki ya jirani haikuletwa na dola, basi dola haiwezi kuiondoa. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alihimizwa sana na Jibrili juu ya jirani hata akadhani kwamba jirani atarithishwa. Hapakutajwa kabila wala bendera. Watazameni Wapemba waliohamia pwani yetu vizazi vingi vilivyopita, wakavua samaki, wakaoa, wakazaa na kuzikana nasi. Serikali ya Kenya haikuwatambua kuwa raia mpaka mwaka 2023. Kabla ya hapo, asiyekuwa na kitambulisho hakuweza kupata leseni ya uvuvi wala kuweka akiba benki kwa jina lake. Mchuuzi aliyejua hivyo akamnyonya bei kwa kuwa hana pa kushtaki, je, alimdhulumu mgeni au jirani? Kosa la sheria lilikuwa la serikali. Lakini ile bei aliikata mtu wa mtaani.

Amma wale wa pili, twawaambia: dhulma ya aliyeuchora mstari si ruhusa kwa anayeuvuka kwa magendo. Sukari ipitishwayo usiku haimpunguzii mjane wa Vanga shida yake. Humtajirisha mwenye lori, na dawa za kulevya hupita njia ile ile. Tunaokubali barabara, hospitali na shule za dola tumekwisha fanya ahadi nayo, na ahadi hutimizwa. Sheria iliyo mbaya husemwa mchana, mbele za watu, mpaka ibadilishwe. Wapemba hawakupata haki yao kwa kujificha, waliidai waziwazi.

Na sisi wa Mombasa tuna wajibu zaidi. Mji huu ulikuwa katika ukanda ule ule wa maili 10, na bendera ya Sultani ilikuwa juu ya ngome yetu mpaka mwaka 1963. Mitaa ya Mji wa Kale imejaa watu ambao babu zao walishuka majahazini kutoka Hadhramaut, Kachchh, Barawa na Pemba. Vipi basi mjukuu wa aliyekaribishwa atakuwa wa kwanza kufunga mlango?

Wajibu wenyewe si mgumu kuujua. Mzee aitwapo kushuhudia kwamba fulani kazaliwa hapa, naye ajua kuwa ni kweli, asikae nyumbani kwa kuogopa usumbufu; na kama si kweli, asiseme uongo kwa kupewa bahasha. Mwalimu asimrudishe mtoto kwa sababu ya cheti cha babake. Mwenye kuajiri amlipe asiye na karatasi sawa na mwenye nazo. Mpaka wa nchi uko Jimbo, na askari wake wanautosha. Tusiujenge mwingine Kibokoni na Kuze.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.