Kipimo na Unyofu

Je, ni aibu kwa mwenye elimu kusema kuwa alikosea? Wengi hudhani hivyo. Elimu ya falaki yatufundisha jambo jingine.

Ulimwengu unapanuka: makundi makubwa ya nyota, yaitwayo galaksi, yanazidi kutengana. Kupima upanuzi huo kwahitaji mambo mawili. La kwanza ni mwendo wa galaksi. Huo husomwa katika nuru yake, ambayo huelemea wekundu kadiri galaksi inavyotukimbia kwa kasi. La pili ni umbali, na hapo ndipo penye taabu, maana taa hafifu yaweza kuwa ndogo iliyo karibu au kubwa iliyo mbali. Mwaka 1912, Henrietta Leavitt wa Marekani alionyesha kuwa nyota fulani, ambazo nuru yake hupanda na kushuka kwa zamu, hung'aa zaidi kadiri zamu hiyo inavyokuwa ndefu. Ajuaye nguvu ya taa aweza kukadiria umbali wake.

Kwa msaada wa nyota hizo, Edwin Hubble alitangaza mwaka 1929 kwamba kila umbali unapoongezeka kwa safari ya nuru ya miaka milioni 3.26, mwendo huongezeka kilomita 500 hivi kwa sekunde. Kwa hesabu hiyo ulimwengu ulikuwa na umri wa miaka milioni 2,000 tu, hali miamba ya dunia ilionekana kuwa mikongwe zaidi. Mtoto alimpita mama kwa umri! Ndipo mwaka 1952 Walter Baade alipoeleza kuwa nyota za kupimia zilikuwa za aina mbili, nazo zilihesabiwa kama moja. Umbali ukawa maradufu, na umri vivyo hivyo.

Leo njia ya nyota hutoa 73 badala ya 500. Njia nyingine, isomayo nuru ya kale kuliko zote, hutoa 67. Ingekuwa rahisi kupatana juu ya 70 na kulala usingizi. Wapimaji wamekataa, kwa kuwa amani inunuliwayo kwa uongo ni deni, nao wangali wanatafuta.

Msomaji kijana, siku moja mizani itapingana na neno lako mbele ya watu. Usiivunje mizani. Geuza neno, nawe utakuwa umepoteza sifa ya saa moja na kupata kweli ya kudumu.