Alimlilia Tumbili, Sisi Tukamwacha



Mwishoni mwa likizo iliyopita, mwenzangu wa chumba alirudi bwenini asubuhi na macho mekundu, shati lake likinuka maziwa. Anajitolea katika kituo kimoja karibu na Ziwa Viktoria kinachopokea wanyamapori walioumia au walioachwa yatima: kasuku wa kijivu walionyang'anywa walanguzi, tumbili ambao mama zao wamegongwa na magari. Kwa wiki tatu alikuwa amelala huko akimlea mtoto wa tumbili, akimnyonyesha kwa chupa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Usiku ule alimfia mikononi.

Mmoja wetu alicheka. "Yaani unamlilia tumbili? Kwetu hao wanatumalizia mahindi shambani."

Mimi sikucheka, lakini naona nilifanya baya zaidi. Nikiwa mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu, nilimsomea hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Allah akamsamehe. Nikamwambia avumilie, thawabu zake hazipotei. Kisha nikachukua kikombe changu nikaenda kunywa chai.

Alinijibu kwa sauti ya chini: "Hadithi hiyo naijua, ndugu yangu. Ndiyo iliyonipeleka kule."

Hakutusimulia tena habari za kituo. Wiki zilizofuata Alfajiri ikawa inampita, chakula anakigusa tu, na simu ikilia usiku anaruka kitandani. Jaribio la kwanza la muhula alilikosa. Tulimwona mvivu. Hakuna aliyemuuliza.

Tangu hapo swali moja limenikaa moyoni: mtu aliyejitolea kuhudumia viumbe vya Allah, bila kulazimishwa wala kulipwa, je, ana haki yoyote juu yetu?

Jibu la haraka ni kwamba hana. Alijipeleka mwenyewe, akichoka, aache. Lakini tulitazame kwa makini. Sisi tunafundishwa fardhi kifaya: baadhi yetu wakimzika maiti, wengine wote wanasalimika na dhambi. Nenda makaburini uone inavyokuwa. Mchimbaji hachimbi peke yake mpaka aanguke. Jembe hupokezanwa mkono kwa mkono, mwingine analeta maji, mwingine anamshika mwenzake bega na kumwambia, "Toka, nipishe." Hakuna anayemwambia mchimbaji kuwa alijipeleka mwenyewe, kwa sababu sote tunajua kazi ile ni yetu. Na huruma kwa viumbe ni ya nani kama si yetu? Katika Suratul-An'aam, aya ya 38, Mwenyezi Mungu anatufahamisha kuwa wanyama na ndege ni umma mfano wetu. Barabara zinazowagonga tunapita sisi. Kasuku wanaoibwa msituni wanauzwa kwa binadamu, na biashara hiyo ilikithiri hata mwaka 2016 nchi zilizomo katika mkataba wa CITES zikaamua kuwapa kasuku wa kijivu ulinzi wa daraja la juu kabisa. Anayeuguza majeraha hayo anashika jembe letu.

Imam Izzuddin bin Abdis-Salaam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, aliorodhesha katika kitabu chake Qawaid al-Ahkam haki za mnyama juu ya mwanadamu. Miongoni mwazo ni kulishwa hata akiwa mzee au mgonjwa asiye na faida tena, na kutobebeshwa mzigo asioumudu. Wanafunzi wa usuli watanielewa nikisema: ikiwa mnyama ana haki ya kutobebeshwa kupita uwezo wake, basi mwanadamu anayembeba mnyama huyo ana haki hiyo kwa njia iliyo aula zaidi.

Wapo watakaosema: mashariki ya Kongo watu wanakimbia makwao, kambi za wakimbizi zimejaa, nasi tuzungumzie tumbili? Uchungu huo naujua, maana wengi wetu tuna jamaa huko. Lakini mimi sizungumzii tumbili. Namzungumzia kijana wa miaka ishirini na kitu asiyelala. Anayesema mwanadamu kwanza, basi mwanadamu huyu hapa, kitanda cha pili kutoka changu.

Huko huko Kongo, Septemba 2021, sokwe Ndakasi alifariki katika Hifadhi ya Virunga. Mwaka 2007 alikutwa akiwa na miezi miwili, ameung'ang'ania mwili wa mama yake aliyepigwa risasi. Mlezi wake, André Bauma, alimlea miaka yote hiyo, na alikata roho akiwa amemkumbatia. Picha yao ilienea duniani. Wengi walimtazama sokwe. Siku hizi mimi namtazama aliyemshika.

Limebaki jibu langu mwenyewe, lile la thawabu. Hadithi niliyoisoma ni sahihi. Kosa lilikuwa langu. Malipo ni ya Allah, na hayapungui sisi tukimletea mwenzetu uji. Nilizitumia thawabu kama mlango wa kumfungia nje ili nisiusikie msiba wake. Wakati huo nilisahau hadithi nyingine ninayoijua tangu madrasa. Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, alikuwa na kindege chake, kikafa. Mtume (S.A.W.) alipomwona mtoto amehuzunika alimuuliza habari za kile kindege, kwa maneno ya upole yenye vina. Aliyekuwa amebeba mzigo wa umma mzima hakuona kuwa ni udogo kumuuliza mtu juu ya ndege wake.

Nilimsahau pia Salman al-Farsi. Alipoona ndugu yake Abu Dardai amejisahau kwa ibada, hakumtumia mawaidha kutoka mbali. Alikwenda nyumbani kwake, akakataa kula mpaka mwenyeji ale naye, akalala huko, akamzuia usiku kuamka mapema mno, kisha wakaswali pamoja. Akamkumbusha kuwa Mola, nafsi na jamaa kila mmoja ana haki yake, na Mtume (S.A.W.) akamsadikisha. Tazameni mpangilio: alimtembelea, akala naye, akalala kwake, na nasaha ikaja mwisho.

Kwa hiyo nilianza upya. Nilimwomba radhi, nikamuuliza yule tumbili alikuwa na tabia gani. Alizungumza mpaka adhana ya Isha. Alikuwa akishika kidole chake gumba kila akinyonya.

Sasa tuko watatu tunaopokezana Jumamosi. Sisi hatujui kulea wanyama, basi tunaosha vizimba na kukata matunda ili yeye alale. Jumuiya ilichanga nauli, na chanjo ya kichaa cha mbwa kwa yeyote anayeshika wanyama, kwani si haki mtu kung'atwa akiwahudumia viumbe kisha akatafute fedha za sindano peke yake. Na tumekubaliana kuwa mwenye kutaka kupumzika apumzike, asiulizwe imani yake imekwenda wapi.

Juzi simu yake ililia usiku. Wamepokea mtoto mwingine. Alikaa kitandani kimya, kisha akasema, "Huyu sitamweza."

Nikamwambia, "Basi lala." Nikavaa viatu.