Medali za Babu na Neno "Sistahili"



Mwaka jana, wiki moja kabla ya Siku ya Mashujaa, vijana wa kigango chetu hapa Bigwa tulimwomba babu yangu aje atupe neno tarehe 25 Julai baada ya Misa. Babu, yaani baba yake mama, ni meja mstaafu. Aliingia jeshini akiwa kijana wa Matombo asiye na kitu, akapigana Vita vya Kagera akiwa askari wa kawaida, akapanda taratibu mpaka akawa ofisa. Tulimwomba jambo moja tu, avae medali zake zote. Si mnatujua vijana, tulishapanga mpaka nani atapiga picha.

Babu akaja na shati jeupe na rozari mfukoni. Medali hata moja hakuna.

Wenzangu walisema huo ndio unyenyekevu wenyewe. Mimi nilinuna, kwa sababu jana yake nilikuwa nimezisugua kwa dawa ya meno na kitambaa mpaka vidole vikauma. Jioni nikamwambia, "Babu, leo umetuangusha." Hakukasirika. Akanituma nilete lile kopo la biskuti anakozitunza.

Ya kwanza aliyoitoa ni ile ya utumishi mrefu na tabia njema. "Hii naipenda," akasema. "Hii unapewa kwa kutofanya ujinga miaka mingi mfululizo. Ni ngumu kuliko vita, mjukuu wangu." Tukacheka. Halafu akaishika ile ya Kagera, akakaa nayo kimya. "Hii inasema nilikuwepo. Haisemi nilifanya nini."

Historia yenyewe wengi tunaijua kwa juu juu. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaua, yakapora na kulivunja daraja la Kyaka. Tanzania ikakusanya nguvu: wanajeshi, JKT, polisi, Magereza, na wanamgambo wengi sana waliotoka moja kwa moja shambani. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka. Hapo katikati kuna Masaka, Februari 1979, ambako askari wetu waliubomoa sehemu kubwa ya mji kulipiza kisasi. Mwalimu Nyerere aliposikia alisikitika, akaagiza raia na mali zao wasiguswe tena. Hilo nalo ni sehemu ya vita vile vile, ila kwenye gwaride la Mashujaa hatuliimbi.

Babu hakuniambia yeye alikuwa mji gani, na sikumuuliza. Aliniambia tu kwamba huko njiani aliingia nyumba ya mtu ambaye hakumkosea chochote, akatoka na redio. Aliibeba siku tatu. Ilipomchosha akaitupa majanini. Alishaiungama kwa padri, akapewa kitubio na akakitimiza. "Mungu amenisamehe, hilo sina wasiwasi nalo," akasema. "Lakini mwenye redio hajapata redio yake."

Kwa kweli nilikosa la kusema. Katekisimu inatufundisha kwamba aliyeiba anapaswa kurudisha au kulipa, na msamaha wa dhambi haufuti deni hilo. Sasa utamlipa nani, wapi, baada ya miaka zaidi ya arobaini?

Jumapili iliyofuata nikalipeleka swali kwa wenzangu, bila kusema habari ya redio (leo naiandika kwa ruhusa yake). Je, Mkristo avae nishani aliyopewa kwa vita? Mmoja wetu akaleta habari za Mtakatifu Ignasi wa Loyola: alivunjwa mguu na mzinga pale Pamplona mwaka 1521, na mwaka uliofuata akauacha upanga wake mbele ya Bikira Maria kule Montserrat. Basi, akasema, babu yako naye akaziache medali kwa Mama wa Mungu. Ni hoja nzuri, ila mimi naona mambo hayo mawili hayalingani. Ignasi mwenyewe alikiri kwamba ujanani alikuwa na tamaa kubwa ya kujipatia sifa kwa silaha. Upanga ule ulikuwa ndoto yake, na aliiacha ndoto. Babu hakuwahi kuiota Kagera. Aliitwa akaenda, na Kanisa linafundisha kwamba anayeitumikia nchi yake jeshini kwa uaminifu anatumikia usalama na amani ya watu.

Mtakatifu Thomas wa Akwino ananisaidia zaidi hapa. Anasema kupewa heshima si dhambi. Heshima inakuwa ya bure inapotolewa kwa jambo lisilostahili, au inapotoka kwa watu wasioweza kupima sawasawa, au usipoielekeza kwa Mungu na kwa faida ya jirani. Nikipima medali ya Babu kwa mizani hiyo, kuilinda nchi iliyovamiwa ni jambo linalostahili. Tatizo liko kwenye kupima. Serikali inaweza kuhesabu miaka na vita, lakini ndani ya ile nyumba hakuwepo ofisa wa kuandika ripoti.

Nimeifikiria sana habari ya yule akida wa Kapernaumu katika Luka sura ya saba. (Huku Uluguru ukisema "akida" baadhi ya wazee wanakumbuka habari za mkusanya kodi wa Mjerumani, lakini huyu ni ofisa wa jeshi la Kirumi.) Mtumishi wake anaumwa, anawatuma wazee wa Wayahudi kwa Yesu. Wazee wanafika na kuanza kumsomea Yesu wasifu wa mkubwa wao: anastahili huyu, analipenda taifa letu, ametujengea sinagogi. Ni kama kumbandika medali kifuani mbele ya Bwana. Wakiwa njiani, akida anatuma ujumbe mwingine: mimi sistahili.

Angalia vizuri. Hakusema wazee wamedanganya, wala hakulibomoa sinagogi ili aonekane mnyenyekevu. Sinagogi lilibaki limesimama na jina lake likabaki zuri, ila hakulitanguliza mbele ya Yesu kama hati ya madai. Na katika maneno yote mawili Kanisa limechukua lipi na kututia mdomoni kila Misa, kabla ya Komunyo? La huyo mwanajeshi. Maaskofu wanalisema, mama wauza ndizi wa Matombo wanalisema, na sisi wenye vyeti vyetu vya "mwanakwaya bora" tunalisema.

Nilimrudia Babu na hayo. Nikamwambia, tena kwa heshima, kwamba nadhani alikosea kuziacha nyumbani. Medali ya Kagera si yake peke yake. Wapo wenzake waliozikwa Kaboya ambao hawana kifua cha kuivalia. Na wewe ukiificha kwa sababu ya redio, Babu, huoni kama na wao unawaficha?

Alinyamaza muda mrefu, mpaka nikaogopa nimevuka mpaka. Kisha akauliza kama paroko bado anapokea michango ya wakimbizi, na kama redio nzuri siku hizi ni shilingi ngapi. Nikamtajia bei. Akaguna, akasema zimepanda.

Mwaka huu tumemwomba tena. Amekubali kuja na ile ya Kagera tu, ila pini yake imelegea na amenituma mjini kwa fundi. Nitakwenda Alhamisi.