Daftari Lako Lisikudanganye

Desemba iliyopita, mahindi ya Trans Nzoia yamekwisha kuvunwa na watu wana vijisenti mfukoni, niliingia duka moja karibu na steji ya matatu mjini Kitale. Nyuma ya magunia ya sukari niliona bodi za drafti zimepangwa hadi kiunoni, vumbi limetanda juu yake. Nikaifuta moja kwa kiganja. Plaiwudi imepigwa msasa ikalainika, miraba imepakwa rangi kwa mkono, na kando yake kimefungwa kifuko cha kete za mbao, si vizibo vya soda wanavyochezea watu wa bodaboda. Kazi safi kabisa.

Nikauliza bei. Mwenye duka akasema, "Hizo ni za kijana wa Bungoma, mzee. Aliniachia mali kauli tangu Agosti. Zikinunuliwa nitamlipa, zisiponunuliwa aje azichukue."

Kijana huyo namjua. Wiki moja kabla ya hapo alinionyesha daftari lake, uso umemeta kwa furaha. Kitale, Kiminini, Kimilili, Webuye, Chwele: mbele ya kila jina kuna idadi ya bodi na neno "zimeuzwa". Kwa nguvu ya neno hilo alikopa katika chama cha mama yake, na mama ndiye aliyemdhamini. Akanunua plaiwudi zaidi, akawalipa vijana wenzake kamisheni kwa kila duka jipya lililokubali mzigo. Kumbe hata bodi moja ya Kitale ilikuwa haijapata mnunuzi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba daftari lenye uongo huipoteza mali hiyo huku mwenyewe akishangilia.

Wakubwa nao wameanguka hapo hapo. Kampuni ya TSR ya Marekani ndiyo iliyoanzisha mchezo wa Dungeons & Dragons mwaka 1974, mchezo uliopata wapenzi wengi mno. Msambazaji wake wa vitabu, Random House, alikuwa akiilipa mzigo ulipomfikia, kabla wasomaji hawajaununua. Basi pesa ilipopungua, kishawishi kikawa kuchapa vitabu zaidi na kuvipeleka. Visivyonunuliwa vikarudishwa, na fedha zake zikadaiwa. Mwaka 1997 kampuni hiyo ilinunuliwa na mshindani wake, Wizards of the Coast.

Lakini kuna aliyekwama akainuka. Leslie Scott, Mwingereza aliyezaliwa Tanganyika mwaka 1955, alipeleka mchezo wa vipande 54 vya mbao kwenye maonyesho ya London Januari 1983. Aliupa jina la Kiswahili, Jenga. Wanunuzi walikuwa wachache, madeni yakamwelemea. Mwishowe alikubali kuwakabidhi wengine haki za kuuuza, na walipotaka kubadilisha jina hakuwakubalia. Leo Jenga inachezwa pande zote za dunia. Alijua la kuachia na la kushikilia, na hilo halijui ila mtu aliyeitazama hali yake jinsi ilivyo.

Mwanangu, na nyote mnaouza kwa mali kauli, nawausieni. Mzigo uliouacha dukani uandikie ukurasa wake, na pesa iliyokufikia mkononi uiandikie wake. Kurasa hizo mbili zisichanganywe hata siku moja. Usikopee bidhaa ambayo mnunuzi hajailipia. Hata mkopo wa riba nafuu, kama ule wa Hazina ya Hasla uliozinduliwa Novemba 2022 kwa asilimia 8 kwa mwaka, hulipwa kwa pesa taslimu, haulipwi kwa bodi zilizo nyuma ya magunia ya watu. Wala usimpe kijana kamisheni kwa kuacha mzigo, mpe anapoleta malipo.

La mwisho ndilo zito. Biashara ikiyumba, usikimbilie kutafuta duka jingine la kujaza ili moyo wako utulie. Nenda kwa anayekudai kabla hajakutafuta. Mdhamini akiachwa gizani, siku ya hesabu akiba yake hukatwa mbele ya wenzake. Hiyo ni aibu ambayo mama hakuitafuta. Alichofanya ni kumwamini mwanawe.

Kwa hiyo kesho asubuhi panda matatu hadi Kitale, pita na Kimilili na Webuye, uhesabu bodi zilizobaki moja moja. Futa neno "zimeuzwa" palipo na uongo. Kisha, kabla chama hakijakutana, rudi nyumbani Bungoma ukae na mama, ufungue daftari, umsomee idadi ile ya kweli.