Fulana Nyeusi



Mwaka jana nilikuwa Nairobi kwa kaka yangu, akanipeleka kwenye tamasha la muziki wa roki. Mimi mtoto wa Arusha, mwanakwaya, nikajitokeza na shati jeupe la kunyooshwa. Kaka akacheka: "Unaenda kusoma somo la pili?" Akaniazima fulana yake nyeusi, akanieleza sheria ambazo hazijaandikwa popote. Rangi ni nyeusi. Viatu vifunike vidole, maana mbele ya jukwaa watu wanarukaruka na kusukumana. Usivae fulana ya bendi inayopiga usiku huohuo, utaonekana mshamba (filamu ya Kimarekani PCU, ya 1994, iliitania sheria hiyo, na wapenzi wengi wa metali wala hawaijali). Na kubwa kuliko zote: usivae jina la bendi usiyoijua.

Basi akaja dogo mmoja, kama miaka 17 hivi, na fulana ya Metallica. Wenzetu wakamzingira: "Taja nyimbo tatu." Akataja mmoja, akakwama. Akasema kainunua Gikomba kwa sababu kaipenda tu. Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, tena kwa sauti, mimi ambaye hata huo mmoja nisingeutaja! Baadaye nilimwona karibu na geti, fulana kaivaa kinyume, maandishi yamegeukia ndani.

Jamani, picha ile haijanitoka. Nilicheka kwa sababu niliogopa kwamba swali lingefuata kwangu. Fulana yenyewe ya kuazima.

Sisemi sheria ile ni ya kipuuzi. Aliyekaa na nyimbo hizo miaka mingi, zikamvusha siku mbaya, anaumia kuona jina lile limekuwa pambo. Hata sisi tunanung'unika tukiona rozari imevaliwa kama cheni. Ila usiku ule mkononi nilikuwa na bangili ya rozari. Mtu angeniambia, "Taja Matendo ya Mwanga," ningekwama kwenye la tatu, na Mtakatifu Yohane Paulo II alitupa matendo hayo tangu 2002.

Halafu nawaza ubatizo. Paulo anawaandikia Wagalatia kwamba waliobatizwa wamemvaa Kristo. Mtoto mchanga anavikwa nguo nyeupe wakati hajui hata kusema baba, na hakuna anayemzingira kwa maswali. Wazazi na wasimamizi wanajibu. Vazi linatangulia, kujua kunafuata polepole, kwa wengine miaka mingi baadaye. Yule dogo hakuwa na msimamizi pale. Nilikuwepo mimi, nacheka.

Jina lake silijui, kwa hiyo hata msamaha sijui nikauombee wapi. Nilipoungama, padre aliniambia nimsalie rozari kila Alhamisi, siku ya Matendo ya Mwanga. Nasali. Tendo la tatu bado nachungulia kitabuni.