Ati "Nimekusaidia" Kazi ya Nani?



Wapendwa wanandoa, leo nataka tulitazame neno moja ambalo waume wema hulitumia sana. Nasema waume wema, kwa maana walevi na wenye kupiga wake zao wana mafundisho yao ya namna nyingine. Neno lenyewe ni "kusaidia". Baba huosha vikombe viwili, hujifuta mikono, kisha husema kwa furaha, "Leo nimekusaidia kazi zako." Mama hushukuru. Baadaye, akiwa anapanga sufuria, hujiuliza: kazi zangu? Vikombe vilikuwa vyangu tangu lini? Chai tulikunywa sote.

Anayesaidia huja akipenda na kuondoka akichoka. Mwenye kazi hana pa kuondokea. Je, ni haki watu wawili waliofanywa mwili mmoja mbele ya altare, mmoja awe mwenye kazi na mwingine awe mgeni mwenye huruma?

Nyumba yetu iko Migori mjini na ina watoto sita. Baba watoto anafanya kazi Homa Bay, huondoka Jumatatu alfajiri na kurudi Ijumaa jioni. Tangu mwaka 1993, Jimbo la Homa Bay lilipomegwa kutoka Kisii, Migori na Homa Bay ni jimbo moja la Kanisa, kwa hiyo angalau mimi na mume wangu tunaishi jimbo moja, hata kama si meza moja.

Tazameni Jumatatu moja tu. Saa tatu za usiku, mvua inanyesha, mtoto wa gredi ya nne anatangaza kwamba kesho mwalimu anataka udongo wa mfinyanzi, boksi, na majani ya aina tano. (Waliobuni mtaala huu wa umilisi sidhani walikuwa na watoto sita.) Mwingine ana soksi moja. Wa tatu amekaa kimya mno, na kila mama anajua maana ya kimya hicho: kuna barua ya shule ndani ya mfuko. Hapo simu inalia. Ni baba. "Nimetuma pesa ya sukari, unga, mafuta na kinyozi." Naangalia M-Pesa: shilingi 500. Maagizo ni ya shilingi 1,200.

Kisha Ijumaa inafika, na baba anaingia na mbuta mzima aliyefungwa kwa gazeti, mkia ukichungulia nje. Watoto wanapiga makofi. Makofi hayo ni ya haki. Mtu ametoka mbali na ametoa jasho lake. Lakini ni saa mbili za usiku, samaki bado ana magamba na matumbo, na omena niliyopika Jumatatu mpaka Alhamisi haikupigiwa makofi na mtu. Nani basi amelisha nyumba, aliyemleta samaki au aliyemtoa magamba? Jibu langu ni wote wawili. Shida ni kwamba nyumba humwona mmoja.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliligusa jambo hili mwaka 1981 katika barua yake juu ya kazi ya binadamu, Laborem Exercens. Alipotaja watu waijuao taabu ya kazi, aliwataja wachimba migodi na wakulima, na katika orodha hiyo hiyo akawaweka wanawake wanaobeba mzigo wa nyumba na malezi kila siku, pengine bila kutambuliwa, hata na jamaa zao wenyewe. Sisi tunaowajua wachimba dhahabu wa Macalder tunaelewa uzito wa kuwekwa katika orodha moja nao.

Serikali nayo imejaribu. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inahesabu kazi za nyumbani, kulea watoto na hata kuwa mwenzi wa mtu kama mchango katika mali ya ndoa. Na utafiti wa Shirika la Takwimu la Taifa wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanawake wa Kenya hutumia karibu mara tano ya muda wa wanaume katika kazi za nyumbani na malezi yasiyo na malipo. Lakini sheria ile huamka ndoa inapovunjika. Ndoa ikiwa nzima, anayehesabu ni nani?

Katika Injili ya Luka, sura ya 10, Marta amesutwa na wahubiri wengi. Someni tena. Lalamiko lake ni kwamba ndugu yake amemwacha ahudumu peke yake. Na Bwana alipomjibu alitaja mahangaiko yake, hakutaja sufuria. Mzigo mzito wa nyumba si ule ulio mikononi, ni ule ulio kichwani: kukumbuka kwamba chumvi imeisha, kwamba kifungua mimba ana kikohozi, kwamba Jumapili ni zamu yetu ya kuosha kanisa. Mume anayesema "niambie nifanye nini, nitafanya" amesema neno zuri, lakini kukumbuka bado amemwachia mwenzake.

Mwaka jana tuliketi Jumamosi moja tukaandika kazi zote za nyumba. Zilijaa kurasa nne za daftari; baba alitarajia moja. Tukakubaliana achukue jambo moja zima, pamoja na kukumbuka kwake: viatu. Kununua, kupeleka kwa fundi, kupaka rangi, kujua nani mguu umekua. Wiki ya pili akapiga simu Jumatano mchana, nikadhani kuna msiba. Alitaka namba ya kiatu cha kitinda mimba. Nikamwambia, "Baba watoto, viatu ni vyako." Ijumaa ile alipima miguu ya watoto kwa uzi kabla ya kula.

Kuna akina mama ambao hapa wangeharibu. Humpa mume kazi, kisha humfuata nyuma wakiirudia. Mwacheni apake rangi vibaya. Watoto hawatakufa.

Mama mkwe alipotutembelea alimkuta mwanawe uani na jozi nane za viatu mbele yake. Huyu ni mama wa Kiluo wa zamani. Mpaka leo ananiita Nyar Karachuonyo, kana kwamba nimefika jana. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mkeo anaumwa?"

"Hapana, Mama. Ni mzima."

"Basi umemkosea nini?"

"Viatu ni vya watoto wangu, Mama."

Hakujibu. Baada ya kitambo akavua kiatu chake kilichokatika ukanda, akakisukuma kwenye foleni.

Sasa baba ameongeza barua za shule juu ya viatu. Suala la nani aamke saa nane za usiku kumfukuza paka wa jirani bado tunalijadili, ingawa kwa siku nne za wiki jibu linajulikana.